Mlamula Nilioukata kwa Ajili ya Ndege

"Ndege yenu ikishajua iko wapi, itamwambia nani?"

Mama mmoja wa kata ya Mabawe, wilayani Ngara, aliniuliza hivyo siku ya kwanza, akiwa amesimama ukingoni mwa shamba lake, jembe begani. Nilikuwa nimempa shikamoo mara mbili na marahaba haikuja. Nilitabasamu, tabasamu lile la mtu aliyesoma, ambalo leo nikiliona usoni mwa mwingine linanitia hasira.

Kazi iliyonipeleka pale inaelezeka kirahisi. Setilaiti humwambia rubani alipo, lakini hukosea kwa mita kadhaa, kwa sababu mawimbi yake yanapopita tabaka la juu la anga hupinda na kuchelewa. Huku kwetu karibu na ikweta tabaka hilo lina vurugu zaidi, hasa jua linapozama. Kwa hiyo umejengwa mfumo wa nyongeza. Vituo vya ardhini, vinavyojua kwa uhakika mahali vilipo, hupima ukubwa wa kosa na kukokotoa sahihisho, kisha setilaiti nyingine hulirusha sahihisho hilo kwa ndege. Ndege yenye sahihisho hilo inaweza kuteremka ndani ya mawingu hadi kwenye kiwanja kidogo cha changarawe kisicho na mtambo wowote wa kuiongoza. Ndivyo walivyosema wenye mfumo. Ofisi yetu ya upimaji ilitakiwa kuhakiki. Kwa majuma mawili ndege ndogo ya injini mbili ingepita juu ya Ngara na Biharamulo, ikijifanya inatua bila kutua, na sisi tulio chini tungelinganisha mahali inapodhani ipo na mahali ilipo kweli.

Ili kujua ilipo kweli, lazima ardhini pawe na kitu kimoja kisicho na shaka. Kitu hicho ni bikoni: nguzo fupi ya zege iliyozikwa na wapima ardhi, yenye msumari katikati na nambari ubavuni. Orodha ya ofisi inakuambia msumari huo uko wapi duniani. Unasimamisha antena juu yake kwa stendi ya miguu mitatu, unawasha kipokezi, halafu unakaa. Timu yetu moja ilikaa Nyakahura, wilaya ya Biharamulo, nyuma ya soko la barabarani. Mimi nilipewa bikoni ya Mabawe, peke yangu, kwa sababu wenye ajira ya kudumu hawakutaka kulala kijijini.

Nitasema ukweli kuhusu hali yangu ya wakati ule. Sikuuamini mfumo. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, nina mkataba wa miezi sita, na nilikwenda Ngara nikitamani mfumo ushindwe mbele yangu ili niwe wa kwanza kuliandika hilo. Mama yangu husema mimi hata chumvi naidai cheti cha kuzaliwa. Nimezaliwa Biharamulo mjini, kwenye familia ya duka, watu ambao mababu zao walitoka pwani na marobota ya vitambaa. Kwetu ardhi ni kiwanja chenye hati na ukuta. Mpaka ni matofali. Shamba nilikuwa nikiliona kupitia dirisha la basi.

Bikoni yangu ilikuwa kwenye kona, barabara ya vumbi iendayo Bugarama inapopita mashamba mawili. La kushoto lilikuwa la yule mama, mjane. La kulia lilikuwa la shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Hatua mbili hivi kutoka kwenye bikoni, upande wa kulia, palikuwa na mti mmoja mwembamba, mrefu kunizidi, wenye majani mapana kama ya mahindi. Ulikuwa umeinama kama mtu aliyesukumwa. Kati ya mti na bikoni ilianza safu moja ya migomba, ikateremka pamoja na njia ya miguu hadi kwenye kijito bondeni.

Yule shemeji ndiye aliyekuwa ameajiriwa na ofisi kulinda vifaa. Alikuwa mtu wa adabu nyingi. Aliniita injinia tangu dakika ya kwanza, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniita hivyo.

Nilipowasha kipokezi niliona setilaiti za upande wa kulia zinapotea na kurudi. Majani ya ule mti yalikuwa yanaziziba.

"Huu mti ni wa nani?" nikamuuliza.

"Hauna mwenyewe, injinia. Kichaka tu. Unaota."

"Unaweza kukatwa?"

"Kwani nani atakukataza? Kazi ni ya serikali."

"Basi nikatie."

Akajishika bega. "Leo mkono umenikamata, injinia. Panga hili hapa." Akanipa, mpini mbele, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa, akaenda kusimama kabisa barabarani.

Niliukata kwa mapigo matatu. Shina lilikuwa laini kuliko nilivyotarajia. Kwenye skrini setilaiti zote zilitulia, nikafurahi.

Mjane alipanda kutoka bondeni na ndoo kichwani. Akaitua. Akakitazama kisiki, akanitazama mimi, akalitazama panga.

"Umeukata wewe? Kwa mkono wako?"

"Ndiyo, mama. Ulikuwa unaziba anga."

"Anga." Akainua macho. Hapakuwa na hata wingu. "Anga yote hiyo."

Hakupiga kelele. Aliokota vipande vya shina kimoja kimoja, akavilaza ubavuni mwa kisiki, vimelingana kama vijiti vya kuhesabia vya darasa la kwanza, akajitwika ndoo na kwenda zake. Shemeji yake alikuwa barabarani anachezea simu.

Kesho yake kijiji kilinigeuka. Dukani niliomba sabuni.

"Imeisha."

"Ile pale kwenye rafu?"

"Ile si ya kuuza."

Kwenye bomba wanawake walivuta ndoo zao nilipofika, kama vile nina upele. Mmoja akasema kwa Kihangaza neno ambalo sikulielewa, wakacheka, na mwingine akanitafsiria bila kuombwa: "Anauliza leo umekuja kukata bomba?" Mchana watu waliopita barabarani kwa baiskeli walipunguza mwendo ili kuniambia: "Mkata mlamula, habari za angani?" Siku ya tatu nikakuta miguu ya stendi imepakwa mavi ya ng'ombe. Siku ya nne waya wa antena ulikuwa umekatwa mara tatu, na vipande vyake vimelazwa chini, vimelingana.

Nilikuwa na waya wa akiba. Nilikuwa pia na hasira. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kushtaki.

Nilimkuta uani kwake, pikipiki imelazwa, mikono ina grisi hadi viwikoni. Aliitikia shikamoo yangu bila kuinua uso.

"Watu wako wanaharibu mali ya serikali," nikasema.

"Na wewe umeharibu nini?"

"Mti. Mti mmoja ambao niliambiwa hauna mwenyewe."

"Aliyekuambia hivyo alikupa panga, siyo?" Sasa aliniangalia. "Akakuambia mkono unamuuma."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ule ni mlamula. Hujui mlamula? Mwenyeji wa Biharamulo!" Akacheka cheko fupi, lisilo na urafiki wowote. "Ule ndio mpaka. Wazee wa pande mbili wanaupanda pamoja, mashahidi wakiwepo. Ni shahidi asiyekula rushwa. Hakuna anayeugusa. Anayeukata ametangaza ugomvi, na katika shauri la mpaka huo hana mdomo tena."

"Hana mdomo maana yake nini?"

"Maana yake hata akisema jua limechomoza, sisi tunatoka nje kuangalia."

Ndipo aliponieleza kilichokuwa kinaendelea, huku akiendelea kukaza nati. Shauri lilikuwa limeshafikishwa kwenye baraza la kijiji na lingesikilizwa Alhamisi ya juma la pili. Shemeji alidai mpaka ni bikoni, kwa kuwa ni jiwe la serikali. Mjane alidai mpaka ni mlamula. Kati ya viwili hivyo palikuwa na hatua mbili tu za upana, lakini ndani ya hatua hizo ilisimama safu nzuri ya migomba ya mjane na ndimo ilimopita njia yake ya kwenda majini. Jiwe likishinda, shemeji angepiga uzio hadi mlangoni kwa mjane. Alishasema hivyo kilabuni, mbele ya watu: apige uzio, mwanamke arudi kwao.

"Kwao ni wapi?" nikauliza.

"Wazazi wake walivuka kutoka Burundi. Yeye kazaliwa hapa."

"Basi kwao ni hapa."

"Kamwambie shemeji yake," akasema, akalala chini ya pikipiki. Mazungumzo yakaishia hapo.

Jioni ile nilikwenda kwa mjane. Alikuwa anachambua maharage mlangoni, na hakunipa kigoda.

"Mama, nisamehe. Sikujua."

"Ulimuuliza nani?"

"Shemeji yako."

"Umemuuliza mwizi mlango uko wapi."

Hapo ningeondoka ningekuwa nimejistahi kidogo. Lakini mimi ni mtu wa kuhoji, na kuomba msamaha kulikuwa kumenichosha kabla hata sijakumaliza. Nikasema: "Lakini mama, bikoni nayo imewekwa na wapima. Iko kwenye orodha. Inawezekanaje mpaka uwe mti, na jiwe liko pale?"

"Vilikuwa vinagusana. Mume wangu na baba yake waliupanda mlamula mguuni mwa jiwe, mimi nimebeba mimba ya mwanangu wa kwanza. Baadaye jiwe likatembea. Siku walizochonga barabara. Mti haujawahi kutembea."

Nilicheka. Si kwa sauti kubwa, ila alisikia. "Mama, mawe hayatembei. Una ushahidi?"

"Nilikuwa nao," akasema. "Umeukata."

Aliingia ndani na ungo wake, akafunga mlango.

Ndege ilianza kupita siku iliyofuata. Iliteremka kutoka magharibi, ikapita chinichini juu ya kiwanja cha ndege cha Ngara, ikanyanyuka, ikazunguka na kurudi kutoka mashariki. Asubuhi, alasiri, na mara moja kila siku jua linapozama, saa ambayo anga la juu huchafuka. Kila mpito ulipokwisha rubani alinitumia faili kwa simu, nami nikakaa kwenye kompyuta mgongo nimeupa kijiji, nikilinganisha.

Matokeo ya siku mbili za kwanza yalinipa furaha mbaya. Ndege ilikuwa pembeni. Kila mara kipokezi chake kilidai kiko mahali fulani, na hesabu yangu ilisema kimekosea kwa karibu mita moja na nusu, upande uleule. Nilimpigia bosi wangu, ambaye alikuwa Biharamulo mjini kwenye nyumba ya wageni yenye feni.

"Mfumo wao una kasoro," nikamwambia. "Ninao ushahidi."

"Nyakahura wanasema uko sawasawa. Ndege ileile, siku ileile."

"Basi Nyakahura wamekosea."

"Wewe binti, hebu angalia vizuri kwanza," akasema, akakata.

Niliangalia vizuri ili nimwaibishe. Nikachora mipito yote kwenye karatasi moja, ya kutoka magharibi na ya kutoka mashariki. Na hapo, nikiwa nimekaa juu ya kreti la soda kando ya barabara, nikaona kitu ambacho ningepaswa kukiona tangu siku ya kwanza. Ndege iliporudi kutoka upande wa pili, kosa halikugeuka nayo. Kama kosa lingekuwa la kifaa cha ndege, ndege ikigeuka nalo lingegeuka. Hili halikugeuka. Halikubadilika asubuhi, halikubadilika jua lilipozama. Kosa la angani huyumba kutwa nzima. Lililokuwa limekaa tuli namna ile haliwezi kuwa la angani. Lilikuwa la kitu kisichoruka.

Nikageuka na kuitazama bikoni.

Siku ileile nilikiacha kipokezi kisikilize chenyewe bila orodha, kijitafutie mahali pake kwa masahihisho ya ule mfumo niliokuwa nimekuja kuuumbua. Kilisikiliza hadi kesho yake mchana. Jibu lilipokuja halikuwa na ubishi: msumari haukuwa pale orodha iliposema. Ulikuwa mita moja na nusu na kitu, kushoto, ndani ya shamba la mjane. Nikachukua futi ya kupimia na dira. Nikaweka mwanzo wa futi kwenye msumari, nikaivuta kulia kwa umbali ule na mwelekeo ule, nikafuata namba kwa kidole hadi ilipoishia.

Iliishia kiganja kimoja kutoka kwenye kisiki.

Mguuni mwa jiwe, alikuwa amesema. Vilikuwa vinagusana.

Shemeji mtu alikuwa ananitazama kutoka kivulini. "Unapima nini, injinia?"

"Ndege."

"Ndege iko huku chini?" Akacheka, lakini alikuja akaikanyaga futi kwa kisigino, taratibu, akanitazama machoni. "Wewe umeletwa kwa ajili ya mbinguni. Ya hapa chini yana wenyewe."

Nilimpigia bosi tena. Nilimweleza yote: kosa lisilogeuka, kisiki, mjane, baraza. Nilimwomba barua moja tu, mistari miwili, muhuri wa ofisi: kwamba bikoni ile haipo mahali pake pa awali.

"Sisi tunapima ndege," akasema. "Hatupimi migomba."

"Lakini tumejua."

"Umejua wewe. Ofisi haina taarifa yoyote ya bikoni hiyo kuguswa. Kwenye ripoti tutatumia data ya Nyakahura. Ya Mabawe andika haikutosha."

"Imetosha mno."

"Mkataba wako unaisha lini?" akauliza kwa upole.

Alhamisi nilikwenda kwenye baraza bila kumwambia. Lilikaa barazani mwa ofisi ya kijiji, wajumbe kwenye benchi, watu wengine kwenye majani. Mjane alikaa pembeni, kanga imemzunguka mabegani, hamtazami mtu. Shemeji alikuwa amevaa koti. Nilibeba kompyuta na michoro niliyoichora upya kwa kalamu za rangi ili ieleweke. Nilisema shikamooni. Aliitikia mmoja, naye sidhani kama aliniona ni nani.

Nilinyoosha mkono. Mwenyekiti wa baraza, mama mnene mwenye miwani, aliniangalia juu ya fremu.

"Wewe ndiye uliyeukata mlamula?"

"Ndiyo, mimi, lakini nina vipimo vinavyo..."

"Basi kaa."

"Vipimo vinaonyesha jiwe ndilo lililohama. Mti ulikuwa mahali pake. Huyu mama anasema kweli."

Kicheko kilitoka kwenye majani kikaja hadi kwenye benchi. "Jamani," mmoja akasema, "mkata mlamula amekuja kuupanda tena kwa kompyuta!"

"Labda utachipua na waya," akadakia mwingine.

Niligeuka kumtazama mjane. Hakucheka, wala hakunitazama. Nilitaka aseme neno moja, aseme msikilizeni. Nadhani alifahamu kuliko mimi kwamba kila neno langu lilikuwa linamwongezea uzito shingoni. Shahidi wake alikuwa yuleyule aliyemuua shahidi wake.

Mwenyekiti akagonga meza kwa kalamu. "Binti, nisikilize. Siyo kwamba hatutaki kusikia. Ila wewe katika jambo hili huna mdomo, na unajua ni kwa nini. Karatasi ina mdomo. Lete karatasi ya ofisi yako, yenye muhuri, inayosema jiwe limetoka mahali pake. Unayo?"

"Sina."

"Ofisi yako inajua uko hapa?"

Nikaifunga kompyuta.

"Basi kaa," akasema mara ya pili, na safari hii sauti yake ilikuwa karibu na huruma, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Shemeji alisimama, akavuta koti. Alisema maneno machache. Jiwe la serikali lipo. Mti haupo. Yeye ni raia mtii, anafuata jiwe. Mjane alipoulizwa ana nini cha kuonyesha, alisema: "Kisiki." Mtu mmoja akamjibu kwamba visiki vimejaa kila mahali.

Waliamua kulifuata jiwe.

Watu walipotawanyika nilimfuata mjane hadi njia panda. Nilimpa shikamoo. Alisimama, nikadhani angeitikia.

"Ile ndege," akasema. "Imeshajua iko wapi?"

"Ndiyo, mama. Imejua."

Alitikisa kichwa mara moja, kama mtu anayepokea chenji pungufu na hana nguvu ya kubishana, akaendelea na njia yake. Njia ile ya kijito ilikuwa bado wazi siku hiyo.

Ripoti iliandikwa. Ilisema mfumo ulifanya kazi vizuri juu ya Ngara na Biharamulo, na ni kweli, ulifanya. Kuna sifa moja ya mfumo ule ambayo wahandisi huisifu kuliko zote: ukihisi hauaminiki, ndani ya sekunde chache humwambia rubani asiutegemee. Niliisoma sentensi hiyo kwenye ripoti yetu nikafunga jalada. Data ya Mabawe ilipewa mstari mmoja. Haikutosha. Niliuandika mimi mwenyewe, na mkataba wangu ukaongezwa.

Miezi kadhaa baadaye nilimpigia mwenyekiti wa kitongoji kwa kisingizio cha kuuliza kama bikoni bado ipo. Ipo, akasema, na imepakwa chokaa, mwenye shamba anaitunza kama mboni ya jicho. Uzio je? Umepigwa. Na yule mama?

"Ameondoka. Kabla ya mvua za vuli."

"Ameenda wapi?"

"Wanasema kwao," akajibu, na kwa mara ya kwanza nilisikia kwamba naye neno hilo hakuliamini.

Miaka miwili baadaye nilihamishiwa masjala kusimamia uingizaji wa majalada ya zamani kwenye kompyuta, kazi ambayo nilipewa kama adhabu kwa mdomo wangu katika jambo jingine. Jalada la bikoni za Ngara lilikuwa lilelile nililolibeba kwenda Mabawe. Wakati ule nilisoma ukurasa wa orodha tu, kwa sababu ndio wenye namba. Nyuma ya orodha, imebanwa kwa pini iliyoshika kutu, kulikuwa na barua ya msimamizi wa ujenzi wa barabara. Ilieleza kwamba greda, wakati wa kuchonga barabara ya Bugarama, liling'oa bikoni ile na kuuinamisha mti uliokuwa mguuni pake; kwamba dereva aliirudisha kwa kukadiria kwa macho, kando ya pale ilipokuwa, upande wa shamba la kushoto; na kwamba tangu siku hiyo isitumike kwa kipimo chochote. Ilikuwa na muhuri wa ofisi yetu. Ilikuwa imepokelewa na kusainiwa na bosi wangu, miaka mitatu kabla mimi sijauliza ule mti ni wa nani.